Tiba ya mazungumzo kwa mgonjwa wa akili aliyelazwa na anayewaza kujiua: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ndiyo maswali tunayoulizwa wodini kila wiki. Machache huulizwa na wagonjwa wenyewe. Mengi huulizwa na ndugu, wale wanaokuja saa za kuona wagonjwa, wakasubiri mtu wao aende chooni, ndipo wakuvute pembeni. Nimeyajibu kama ninavyoyajibu pale koridoni, tofauti ni kwamba hapa hakuna anayeniita niende kitanda cha nne.

Kabla ya yote: kama umefungua ukurasa huu kwa sababu wewe mwenyewe umefika mahali pa kutaka kufa, usisubiri kuumaliza. Ukiwa umelazwa, mwendee nesi wa zamu sasa hivi umwambie kwa maneno haya haya: "Nawaza kujiua." Ukiwa nyumbani, mwite mtu akae nawe, mwende pamoja hospitali iliyo karibu, upande wa dharura, hata kama ni usiku wa manane. Ukurasa utaukuta.

Mgonjwa analindwa na anameza dawa. Mazungumzo ya nini tena?

Hospitali huzifahamu vizuri kazi mbili. Humweka mtu mbali na vitu vya kumdhuru, na hutibu ugonjwa uliomleta, uwe sonona, skizofrenia (ule ambao mtu anaweza kusikia sauti na kuamini yasiyokuwepo) au mwingine. Wazo la kujiua ni kitu cha tatu. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba ugonjwa ukitibiwa, wazo nalo litaondoka lenyewe, kama homa inavyoshuka maambukizi yakiisha. Kwa wengine huondoka kweli. Lakini wapo ambao usingizi umerudi, wanakula, sauti zimenyamaza, na hesabu yao moyoni iko palepale. Watu hao wamepata nafuu ya ugonjwa, kutaka kufa hakujaguswa. Ugonjwa una tiba yake, na wazo lina tiba yake, na ya pili ndiyo inayosahaulika.

Halafu kuna suala la geti, yaani siku mgonjwa anaporuhusiwa kutoka. Uchambuzi mkubwa uliotoka mwaka 2017 ulijumlisha tafiti nyingi za watu waliotoka wodi za akili, ukakuta vifo vya kujiua 484 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Ukitazama miezi 3 ya kwanza peke yake, kasi inafika 1,132. Kwa watu wote duniani, kiwango kinachotolewa na Shirika la Afya Duniani ni kama 9 kwa kila 100,000. Uingereza, uchunguzi wa kitaifa wa vifo hivi umeonyesha kuwa siku chache za mwanzo, hasa ya tatu, ndizo mbaya zaidi, na ndiyo sababu huduma za huko zinatakiwa kumfuata mgonjwa ndani ya saa 72 baada ya kutoka.

Usizisome takwimu hizo kama hukumu. Hata kwa hesabu hiyo, zaidi ya 99 kati ya 100 hawajiui mwaka huo. Wala hazisemi kwamba hospitali inaua, maana wanaolazwa ni wale ambao tayari walikuwa na hatari kubwa. Zinachosema ni kwamba kuta za wodi hazifungashwi kwenye begi. Mtu anarudi kwenye deni lilelile, chumba kilekile, ugomvi uleule, na nesi wa usiku hayupo. Tiba ya mazungumzo wodini ni maandalizi ya siku hizo.

Wanakaa wakaongea nini hasa?

Watu hudhani ni kupewa moyo: "usijali, yatapita." Kama hilo lingetosha, shangazi yake angeshamponya.

Kikao cha kwanza kizuri huanza kwa kusikiliza. Mtaalamu anaweka fomu pembeni na kusema kitu kama, "Nisimulie ilikuwaje mpaka ukafika pale." Kisha ananyamaza. Mgonjwa ndiye mjuzi wa kisa chake, na kwa wengi hiyo ni mara ya kwanza kukisimulia kuanzia mwanzo bila mtu kulia, kufoka au kumwombea katikati ya sentensi.

Kisha wanakirudia kisa polepole, kama mtu anayetafuta sarafu iliyodondoka njiani. Chukua mfano wa mtu niliyemuunda kutokana na wengi. Yeye anasema, "Ilitokea ghafla tu, Ijumaa." Mkirudi nyuma pamoja, Ijumaa inaanza Jumatatu. Jumatatu alipoteza kazi. Jumanne hakumwambia mtu. Jumatano usiku hakulala, Alhamisi hakulala tena, na Alhamisi hiyohiyo jioni akazima simu kwa sababu kaka yake alikuwa anapiga kuuliza pesa. Ijumaa asubuhi kichwani kulikuwa na sentensi moja tu: "Wataishi vizuri zaidi bila mimi." Hapo mtaalamu anauliza swali ambalo mgonjwa hajawahi kuulizwa: mnyororo huu ungekatika kirahisi wapi? Si Ijumaa, Ijumaa tumechelewa. Ni Alhamisi jioni, mkono ukiwa kwenye kitufe cha kuzima simu. Tangu siku hiyo, kuzima simu kunakuwa dalili yake, kama kikohozi kwa mwenye pumu.

Vikao vinavyofuata hufanya kazi ya mikono zaidi. Ile sentensi ya Ijumaa inachunguzwa: ni nani aliyesema wataishi vizuri zaidi? Amewauliza? Mgonjwa anajifunza namna za kuuvuka usiku mbaya mmoja, maana wimbi la kutaka kufa hupanda, likafika kilele, likashuka. Anaweza kutengeneza kisanduku cha matumaini, ambacho huwa ni boksi la viatu tu lenye picha, barua, tiketi ya safari fulani, kitu chochote kinachomkumbusha sababu zake za kubaki. Mwishoni anafanya jaribio. Anafumba macho, anaipitia ile wiki mbaya tena kuanzia Jumatatu, ila safari hii anaeleza kwa sauti kila hatua atakayofanya tofauti. Akikwama, wanajua bado kuna kazi.

Mpango wa usalama ni kitu gani? Ni ile karatasi ya kuahidi kwamba hutajiua?

Hapana, na naomba tuzitenganishe kabisa. Karatasi ya ahadi, ile ambayo mgonjwa anasaini kwamba hatajidhuru, haijaonyeshwa kuwa inazuia chochote. Humtuliza anayeisainisha. Mgonjwa naye hujifunza kwamba akizidiwa tena atakuwa amevunja ahadi, kwa hiyo ni bora anyamaze.

Mpango wa usalama ni ramani ya kufuata kichwa kikiwa kimechafuka. Mfumo unaotumika sana ulitengenezwa Marekani na Barbara Stanley na Gregory Brown, na una hatua sita zinazopandishwa kama ngazi. Unaandikwa kwa maneno ya mgonjwa mwenyewe, kwenye karatasi inayoingia mfukoni. Ule wa yule mtu wetu wa Ijumaa ungeweza kusomeka hivi:

Dalili zangu: usiku wa pili macho. Nataka kuzima simu. Naanza kusema mimi ni mzigo.
Ninachofanya mwenyewe: naoga. Natembea mpaka njia panda na kurudi, mara mbili. Nasikiliza ile rekodi ya mwanangu akicheka.
Pa kwenda nisiwe peke yangu: kwa kinyozi. Si lazima niseme chochote, nakaa tu kwenye benchi.
Nitakaowaambia ukweli: dada. Asipopokea, mjomba. Neno letu ni "maji yamezidi unga".
Wataalamu: namba ya wodi, inapokelewa saa zote. Siku yangu ya kliniki.
Nyumbani: dawa anatunza dada, ananipa za siku tatu tatu.

Angalia ulivyo mdogo na ulivyo mahususi. Mpango ulioandikwa "nitaongea na rafiki" haufai kitu. Rafiki yupi? Namba yake ipo? Asipopokea je? Nimeona mipango mizuri kwa macho iliyojazwa na mhudumu peke yake dakika tano kabla ya mgonjwa kutoka, mwandiko mmoja, majibu yanayofanana wodi nzima. Hiyo ni kazi ya faili. Mpango halisi huchukua nusu saa na zaidi, na huwa na makosa ya tahajia ya mgonjwa.

Utafiti wa mwaka 2018 katika idara za dharura za hospitali za wanajeshi wastaafu wa Marekani uliwafuatilia waliopewa mpango huu pamoja na simu za kuwajulia hali baada ya kutoka. Katika miezi 6, matendo ya kujiua yalipungua kwa asilimia 45 ukilinganisha na waliopata huduma ya kawaida. Karatasi na simu, basi.

Kuna ushahidi gani kwamba tiba hizi zinafanya kazi?

Upo, na unazidi kukua, ingawa mwingi ulikusanywa nje ya wodi.

Msingi wake unaanzia kwa Aaron Beck, daktari wa akili wa Marekani. Mwaka 1985 alitoa matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa 207 waliolazwa wakiwa na mawazo ya kujiua. Kati yao 14 walikuja kujiua, na kilichowatofautisha zaidi na wenzao kilikuwa kukata tamaa, ule uhakika kwamba kesho haina kitu. Ukubwa wa sonona yenyewe haukusema mengi. Hilo lilibadilisha shabaha: kama kukata tamaa ni namna ya kufikiri, basi kunaweza kufanyiwa kazi. Miaka 20 baadaye, mwaka 2005, Brown, Beck na wenzao walichukua watu 120 waliokuwa wametoka kujaribu kujiua, nusu wakapewa vikao 10 vya tiba ya fikra na tabia. Ndani ya miezi 18, uwezekano wao wa kujaribu tena ulikuwa nusu ya ule wa wenzao.

Bern, Uswisi, kuna tiba fupi iitwayo ASSIP. Vikao vitatu tu: mgonjwa anasimulia kisa huku akirekodiwa video, wanaitazama pamoja, kisha wanaandika muhtasari na hatua za usalama. Baada ya hapo anaandikiwa barua kwa miaka miwili. Katika utafiti wa watu 120 uliotoka mwaka 2016, kundi la ASSIP lilikuwa na majaribio 5 katika miezi 24, na kundi la kulinganisha 41.

Kwa waliolazwa hasa, utafiti ninaoutaja mara nyingi ni wa mwaka 2024 kutoka Institute of Living, hospitali ya akili iliyoko Hartford, Marekani. Wagonjwa 200 waligawanywa kwa bahati nasibu, kundi moja likapewa tiba fupi ya fikra na tabia wakiwa bado wodini. Katika miezi 6 baada ya kutoka, waliojaribu kujiua kwenye kundi hilo walikuwa pungufu kwa asilimia 60. Kwa wasiokuwa na tatizo la pombe au dawa za kulevya, hata kulazwa tena kulipungua sana.

Hospitali hiyohiyo ina historia nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alilazwa pale msichana mmoja wa miaka 17 ambaye madaktari hawakujua wamfanyeje. Alitoka, akasoma, akawa mwanasaikolojia, akabuni tiba ya kidayalektiki ya tabia, wengi huiita DBT, ambayo leo inatumika duniani kote kwa watu wanaojiumiza mara kwa mara. Jina lake Marsha Linehan. Mwaka 2011 alirudi pale pale Hartford akaisimulia hadharani kwa mara ya kwanza. Namtaja kila mara ndugu wanaponiuliza kama mtu wao "ataharibika moja kwa moja".

Si kila utafiti umetoa ushindi. Uingereza ulifanyika mmoja wa wagonjwa 51 waliolazwa, tiba hadi vikao 20, matokeo yakatoka mwaka 2019. Ulionyesha kwamba kazi hii inawezekana ndani ya wodi na ni salama, lakini makundi mawili hayakupishana vya kutosha kutangaza kuwa tiba imeshinda. Ulikuwa mdogo mno kwa hilo. Wodi ni mahali pagumu kufanyia kazi hii: mgonjwa anaruhusiwa katikati ya tiba, chumba cha kikao kimegeuzwa stoo, kengele inalia.

Ukimuuliza mtu kama anataka kujiua, si unampa wazo?

Hapana. Swali hili limechunguzwa sana, mojawapo ya tafiti ikiwa ya Marekani ya mwaka 2005 iliyohusisha wanafunzi zaidi ya 2,000, na walioulizwa hawakupata mawazo zaidi ya wasioulizwa. Waliokuwa na shida tayari ndio hasa waliopata ahueni kidogo.

Uliza waziwazi: "Umekuwa ukiwaza kujiua?" Usiulize, "Huwazi mambo mabaya, eti?" Swali hilo limeshajijibu lenyewe, na mgonjwa atakupa jibu unalolitaka.

Kwa nini madaktari wasipime tu nani ana hatari, wakamlinda huyo?

Wamejaribu. Mwaka 1983 Alex Pokorny, daktari wa akili wa Marekani, alitoa hesabu ya wagonjwa 4,800 aliowafuatilia baada ya kulazwa. Waliojiua walikuwa 67. Kila kipimo alichokitumia kiliwaacha wengi kati ya hao, na kikawanyooshea kidole mamia ambao hawakufanya lolote. Tafiti za baadaye zimekuta yaleyale, na mwongozo wa kitaifa wa Uingereza wa mwaka 2022 umewaambia wahudumu waziwazi wasitumie fomu za alama kutabiri nani atajiua wala kuamua nani apewe huduma. Kwa hiyo tunamuuliza kila mmoja, na tunamwandalia kila mmoja. "Hatari ndogo" kwenye faili isikulaze usingizi, wala "hatari kubwa" isikuvunje moyo.

Mgonjwa wangu anasikia sauti zinazomwambia ajiue. Ataongea nini na mtaalamu?

Siku za mwanzo, pengine machache. Mtu aliyechanganyikiwa sana anahitaji dawa, usingizi na mtu mtulivu karibu. Lakini si lazima sauti zinyamaze kabisa ndipo tiba ianze. Kazi moja muhimu ni kuchunguza mamlaka ya sauti: inasema kweli? Imewahi kutishia jambo ambalo halikutokea? Usipoitii, nini hufuata? Mgonjwa aliyegundua kwamba sauti iliahidi balaa Jumapili na Jumapili ikapita kimya ameanza kupata nafasi ya kupumua. Halafu kuna aibu ya kuugua kwenyewe, hasa kwa kijana aliyekuwa akitegemewa, ambayo dawa haigusi kabisa.

Basi dawa ziachwe?

Zisiachwe. Lithiamu na klozapini zina ushahidi wa kupunguza kujiua kwa wagonjwa wanaozistahili, na klozapini iliidhinishwa Marekani kwa kazi hiyo mwaka 2002 kwa wenye skizofrenia. Anayekuambia uchague kati ya dawa na mazungumzo anakupunja.

Hataki kuongea na yeyote. Analala kaangalia ukutani.

Kabla ya kumwita mkaidi, tafuta anachoogopa. Mara nyingi ni kimoja kati ya vitatu. Anaogopa kwamba akisema ukweli hataruhusiwa kwenda nyumbani. Anaogopa sheria, maana kuna nchi ambako jaribio la kujiua bado ni kosa la jinai, ingawa baadhi zimeifuta sheria hiyo, Pakistan mwaka 2022 na Ghana mwaka 2023. Au anaogopa kwamba maneno yake yatafika nyumbani kabla yake.

Hofu hizo zijibiwe moja moja, kwa ukweli, bila kuahidi usichoweza kutimiza. Na kuna wakati kinachofungua mlango si kikao. Wagonjwa walio hatarini huwekewa mhudumu wa kuwaangalia karibu muda wote. Mhudumu huyo anaweza kukaa mlangoni akichezea simu, na hapo mgonjwa anajiona mfungwa. Anaweza pia kuvuta kiti. Nakumbuka zamu moja ya usiku, saa nane, mgonjwa aliyekuwa amenyamaza siku nne akageuza shingo akasema, "Sista, hivi wewe huchoki kukaa hapo?" Yule nesi akamjibu, "Nachoka. Wewe je?" Wakaongea mpaka alfajiri. Asubuhi mwanasaikolojia alipofika, kazi ya kikao cha kwanza ilikuwa imeshafanyika.

Anachokisema kinabaki siri?

Sehemu kubwa, ndiyo. Ila maisha yakiwa hatarini, timu inayomhudumia lazima ijue, na mtaalamu mwadilifu anasema hivyo dakika ya kwanza, sio baada ya kusikia. Ugomvi wa ndoa, aliyemdhulumu utotoni, mambo ya kitandani: hayo hayaendi kwa ndugu bila ridhaa yake. Ndugu msikasirike mkiambiwa "muulize mwenyewe".

Upande wa pili hauna kizuizi. Mnayoyajua ninyi mnaweza kuyaleta kwa timu wakati wowote, na tunayahitaji.

Hospitali yetu haina mwanasaikolojia. Ndiyo basi?

Sio basi. Nesi, mshauri nasaha au ofisa ustawi wa jamii aliyefundishwa anaweza kuandaa mpango wa usalama vizuri kabisa. Na ushahidi mmoja wenye nguvu katika uwanja huu unahusu jambo jepesi. Shirika la Afya Duniani liliendesha utafiti Brazil, India, Sri Lanka, Iran na China kwa watu 1,867 waliofikishwa idara za dharura baada ya jaribio. Nusu walipewa maongezi ya saa moja, kisha wakatafutwa mara 9 katika miezi 18, kwa simu au kwa kutembelewa. Matokeo yalitoka mwaka 2008: waliokufa kwa kujiua katika kundi hilo walikuwa asilimia 0.2, na katika kundi lingine asilimia 2.2.

Kuna hata kazi ya kale zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1960, daktari Jerome Motto wa San Francisco alianza kuwaandikia barua fupi wagonjwa waliotoka hospitali na kukataa kuendelea na tiba. Watu 843 waligawanywa makundi mawili. Barua zilikuwa za mistari michache, kusema tu kwamba tunakukumbuka na tunatumaini u mzima, bila kudai jibu, bila kumkumbusha kliniki. Ziliendelea miaka mitano. Katika miaka miwili ya kwanza, walioandikiwa walijiua wachache kuliko wasioandikiwa. Wodi yenye simu moja na daftari la namba inaweza kufanya hivyo kesho asubuhi.

Sisi ndugu tufanye nini wakati amelazwa?

Tengenezeni nyumba kabla hajarudi. Muulizeni mtaalamu ni vitu gani mahususi viondolewe au vifungiwe kwa mgonjwa wenu, na nani ashike dawa. Hilo lifanyike akijua, sio kwa kumvizia, vinginevyo atahisi ameingia wodi nyingine.

Mkija kumwona, msimsomee mashtaka. "Ulitaka kutuaibisha" ni sentensi ambayo ataikumbuka usiku wa manane. "Umetushtua roho, tunashukuru upo" inatosha. Kama mna kiongozi wa dini mnayemwamini, aje, lakini mwambieni kwanza kwamba hajaja kutoa hukumu ya dhambi. Na mmoja wenu aombe kukaa kwenye kikao cha mpango wa usalama mgonjwa akiridhia. Haina maana jina la dada liwe kwenye karatasi na dada mwenyewe hajui maana ya "maji yamezidi unga".

Jana alikuwa hoi, leo anacheka na anaomba kwenda nyumbani. Tufurahi?

Labda. Nafuu ya kweli ipo, na huja hivyo wakati mwingine. Lakini utulivu wa ghafla unaweza pia kuwa wa mtu aliyeshaamua. Viktor Frankl, daktari wa akili aliyefanya kazi katika hospitali ya Steinhof mjini Vienna kati ya 1933 na 1937 akiwahudumia wanawake waliotaka kujiua, alikuwa na namna yake. Mgonjwa akisema hatajiua tena, Frankl alimuuliza: kwa nini? Aliyepona kweli alikuwa na jibu mdomoni, mtoto, kazi, imani, jambo lililobaki nusu. Aliyekuwa anaficha alibabaika. Si kipimo cha maabara, ila swali lenyewe ni zuri.

Siku ya kutoka, tudai nini?

Nakala ya mpango wa usalama, mfukoni mwa mgonjwa na kwa ndugu mmoja. Dawa, na maelezo yake. Namba ya simu ambayo mmeipiga mkaona inapokelewa. Tarehe ya kuonana na mtaalamu ndani ya wiki hiyo, sio "mwezi ujao", na jina la atakayepiga simu ndani ya siku tatu. Mkiambiwa hakuna utaratibu huo, ndugu mmoja achukue kazi hiyo: simu siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, saa ileile. Ikiwezekana msimtoe Ijumaa jioni kuelekea nyumba isiyo na mtu.

Na kama yote yamefanyika, mtu akafa?

Hutokea. Hakuna tiba niliyoitaja hapa iliyofikisha vifo sifuri katika kila kundi, na anayewaahidi hivyo anawadanganya. Ndugu huanza kuhesabu: ningepokea simu ile, ningekuja Jumapili. Wahudumu nao huhesabu, kimyakimya, kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Pande zote mbili zinahitaji mtu wa kuongea naye, na hospitali inayojali huwaita ndugu ikae nao chini ieleze ilichokifanya, badala ya kuwapa faili na pole.

Wanaosahaulika zaidi ni wagonjwa wenzake waliobaki wodini. Wao wanajua kabla ya daktari kujua. Waambiwe asubuhi hiyohiyo, na nesi wanayemfahamu, kwa maneno machache ya kweli na bila maelezo ya namna ilivyotokea. Kisha kila mmoja aulizwe peke yake, kitanda kwa kitanda, yuko vipi, na karatasi yake ya mpango wa usalama itolewe isomwe upya naye.